Neno "plug" la Waslavoni halikutoka kwa Waingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala ya safu ya lugha iliyotoka Jumamosi iliyopita. Mwandishi alieleza vizuri jinsi neno plau lilivyoingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, na hapo sina la kuongeza. Lakini katika aya ya mwisho alidai kwamba Waslavoni, yaani Warusi na jamaa zao wa lugha kama Wapolandi na Waserbia, nao walilipata neno lao la plau, plug, kwa Waingereza, kama sisi, na ushahidi pekee aliotoa ni kwamba maneno hayo yanafanana. Si kweli. Na kwa kuwa safu hiyo husomwa na walimu wanaoibeba moja kwa moja hadi darasani, siwezi kunyamaza.

Mimi ni bibi shamba mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa maksai na plau huku Usukumani: kuchagua ndume wa kufundishwa, kufunga nira, kupandisha na kushusha gurudumu la mbele ili plau isizame wala isirukeruke juu ya udongo. Kabla ya hapo nilipelekwa kusomea zana za kilimo mjini Kyiv, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ukraine ikiwa bado ndani ya Umoja wa Kisovieti. Darasani tulifundishwa kwa Kirusi. Karakana na shamba la mafunzo vilikuwa na lugha yao, kwa maana mafundi wa kule walizungumza Kiukraini, na mwalimu wetu wa Kirusi, mama aliyewahi kusomea historia ya lugha, hakuchoka kutuonyesha mahali lugha hizo mbili zinapoachana na kwa nini. Yeye ndiye aliyenifungulia kamusi ya asili ya maneno ya Kirusi ya Max Vasmer. Vasmer alikuwa amekusanya kadi za kamusi hiyo kwa miaka mingi, zikateketea pamoja na maktaba yake mabomu yalipoanguka Berlin mwaka 1944. Akaanza upya, na kamusi ikatoka kati ya 1953 na 1958. Neno plug limo humo, na asili yake si Uingereza.

Nianze na jambo ambalo msomaji anaweza kulipima kwa sikio lake. Tamka plau. Haina g. Haina kwa sababu Waingereza waliotuletea hawakuitamka. Zile gh mwishoni mwa plough ni alama ya sauti iliyokwisha kufa midomoni mwao kabla hawajafika kwetu. Sisi tulikopa kwa kusikia, tukachukua kilichosikika. Sasa tazama upande wa pili. Warusi, Waserbia na Wabulgaria huandika plug, Wapolandi pług, Waukraini na Wacheki pluh. Hiyo h isimtatize mtu, kwa sababu inafuata kanuni: mlima ni gora kwa Warusi na hora kwa Waukraini na Wacheki, mguu ni noga na noha. Kwa hiyo sauti ya mwisho ya neno ipo kwao wote, kila lugha kwa kanuni yake. Kama walilikopa kwa Waingereza ambao wenyewe hawaitamki, waliipata wapi?

Halafu kuna tarehe. Meli ya Richard Chancellor, iliyofungua biashara ya moja kwa moja kati ya Uingereza na Urusi, ilifika Bahari Nyeupe, kaskazini mwa Urusi, mwaka 1553. Lakini kitabu cha kumbukumbu za miaka kilichoandikwa Kyiv mwanzoni mwa karne ya 12 tayari kinalo neno plug, na kinalitaja kama jambo la kawaida kabisa. Chini ya mwaka 981 kinasema Vladimir, mtawala wa Kyiv, aliwatwisha watu wa kabila la Vyatichi kodi kwa kila plug, kama baba yake alivyokuwa akitoza. Kinachonivutia zaidi ni kwamba chini ya mwaka 964, kitabu hichohicho kinasimulia Vyatichi walewale wakieleza kuwa huwalipa Wakhazari, watawala wa nyika za kusini-mashariki, sarafu moja kwa kila ralo. Zana mbili, majina mawili, watu walewale. Nitalirudia hilo neno ralo, maana ndilo lenye umri mkubwa kuliko yote katika hadithi hii.

Hata Waingereza wenyewe hawawezi kulidai neno plough kuwa lao tangu mwanzo. Zana hiyo katika Kiingereza cha kale iliitwa sulh. Wataalamu wengi wanaona kwamba plough liliingia huko mwishoni mwa kipindi hicho kutoka kwa watu wa Skandinavia, walioita plógr. Na tendo la kulima kwa ng'ombe Waingereza waliliita kwa kitenzi kingine, ambacho msomaji wa Biblia yao ya mwaka 1611 bado anakikuta katika Mwanzo 45:6: earing. Hakina uhusiano na ear, sikio. Ni ndugu wa kitenzi cha Waslavoni orati, cha Walithuania arti na cha Walatini arare, vyote vikiwa na maana ya kulima kwa zana ya kukokotwa.

Basi Waslavoni walilitoa wapi neno plug? Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba walilipata kwa majirani zao waliosema lugha za jamii ya Kijerumani, zile ambazo Kiingereza, Kijerumani cha leo, Kiholanzi na Kiswidi zimetokana nazo. Walilipata wakati Waslavoni wenyewe bado wanasema lugha moja, yaani Kislavoni Mame, kabla wamisionari Cyril na Methodius hawajaenda Moravia, katika Ulaya ya kati, mwaka 863 na maandishi ya kwanza ya Kislavoni. Kwa kuwa wakati huo hakuna aliyekuwa akiandika, umbo la neno limetafutwa kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa baadaye, na ndiyo maana wataalamu huliwekea nyota mbele: *plugъ. Nyota hiyo, ambayo mwanaisimu Mjerumani August Schleicher aliizoesha katika karne ya 19, humwambia msomaji kwamba umbo hili halijakutwa kwenye maandishi, limepatikana kwa hesabu. Hiyo alama ya mwisho, ъ, ni irabu fupi sana iliyokaribia u. Ukisema plugu na kuimeza u ya pili, hujakosea mbali.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Katika lugha za Kijerumani za kale neno lilikuwa na o ndefu: *plōgaz. Kwa Waslavoni likawa na u. Je, hiyo ni bahati tu? Angalia maneno mengine yaliyopita njia hiyo. Neno la Kijerumani cha kale la kitabu au maandishi, lenye o ndefu, kwa Waslavoni likawa *buky, herufi, ambalo Warusi leo wanalisema bukva. Neno la hukumu, *dōmaz, wengi wanaliona ndilo lililozaa *duma, wazo, na kila anayefuatilia habari za dunia amesikia jina la bunge la Urusi. O ndefu kwa u, mara baada ya mara. Nasi tuna buku na plau kutoka Kiingereza, lakini kwetu irabu zimetoka tofauti, u katika neno moja na au katika lingine, kwa sababu tulizipokea baada ya Kiingereza chenyewe kuzibadilisha. Mtu anayelinganisha plau na plug kwa kuyatazama tu ukurasani hawezi kuliona hili.

Sasa nifike kwenye kunyumbulika kwa neno, ambako ndiko moyo wangu uliko. Katika Kislavoni Mame nomino hubadilika mwishoni kulingana na kazi yake katika sentensi. Plau ikiwa mtendaji ni *plugъ. "Ya plau" ni *pluga. "Kwa plau", kwa maana ya kuipa kitu, ni *plugu. "Kwa kutumia plau" ni *plugomь. Hadi hapo g imetulia. Lakini "kwenye plau" ni *pluzě, plau nyingi ni *pluzi, na ukitaka kuiita plau kama unavyomwita mtu, ni *pluže, ž ikitamkwa karibu na j laini ya Wafaransa. Shina moja, sauti tatu: g, z, ž.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Anayejenga ni mjenzi; g imekuwa z mbele ya i. Anayepika ni mpishi, anayecheka na kuchekesha ni mcheshi. Ulimi ukisogea mbele kuifuata i, sauti za g na k zilizotamkwa nyuma ya kinywa huvutwa nazo. Kibantu na Kislavoni havina undugu, na kila kimoja kilifikia hapo kwa njia yake. Ila kinywa cha binadamu ni kilekile.

Kwenye shamba la mafunzo niliyasikia haya kila siku. Mwalimu akieleza kwa Kirusi mahali bolti inapofungwa, alisema na pluge, yaani kwenye plau. Fundi akirudia maelezo yaleyale kwa Kiukraini, alisema na pluzi. Warusi waliisawazisha g yao, wakaiacha ibaki g kila mahali kwenye nomino hizi. Waukraini wakabaki na z ya mababu. Ndivyo ilivyo hata kwa mguu: kwa Kirusi na noge, kwa Kiukraini na nozi. Rafiki kwa Kiukraini ni druh, marafiki ni druzi, na ukimwita ni druzhe. Ndugu Mhariri, hilo druzhe tuliitwa sana na mafundi wale, wanaume na wanawake bila ubaguzi, na kila nikilikumbuka naona wazi jinsi *pluže lilivyokuwa.

Hapa lazima niweke tahadhari, kwa sababu msomaji makini ataniuliza. Waukraini hubadilisha sauti hizi hata katika maneno mapya kabisa: Marekani ni Ameryka, lakini "huko Marekani" ni v Amerytsi, na hakuna atakayesema Kislavoni Mame kiliijua Marekani. Kwa hiyo pluzi peke yake haitoshi kuthibitisha umri wa neno. Uthibitisho uko katika mambo yote yakiwekwa pamoja: neno lipo katika matawi yote matatu ya Waslavoni, mashariki, magharibi na kusini, kila tawi linalitamka kwa kanuni zake za kale, u yake inaingia sawasawa na u za *buky na *duma, na limekaa bila kasoro ndani ya kundi la kale la nomino za kiume, mojawapo ya ngeli za lugha hizo. Hata katika idadi ya viwili limekaa. Maana Kislavoni Mame kilikuwa na umoja, wingi, na katikati yake umbo la vitu viwili tu, ambalo Waslovenia wanalo hadi leo. Kwao plau moja ni plug, mbili ni dva pluga, tatu ni trije plugi. Mtu anayefanya kazi na maksai anaona mara moja thamani ya umbo kama hilo, kwa kuwa maksai hufungwa wawili wawili, na anayezungumzia jozi ya maksai hazungumzii ng'ombe wengi tu.

Na kuna jambo dogo lililonifurahisha nilipolielewa. Waserbia leo hawasemi *pluzi. Wanasema plugovi. Hiyo -ov- si ya neno plau kwa asili. Ilikuwa mali ya kundi dogo la nomino za zamani, na mojawapo ya nomino hizo ni *volъ, maksai, ambaye wingi wake ulikuwa *volove. Baadaye kundi hilo likavunjika na umbo lake likagawiwa kwa nomino nyingi fupi za kiume. Kwa hiyo Mserbia anaposema plugovi na volovi, plau imevaa vazi la maksai anayeikokota.

Niliahidi kurudi kwenye ralo. Hili halikukopwa. Katika Kislavoni Mame lilikuwa *ordlo, kutokana na kitenzi *orati, kulima kwa zana ya kukokotwa, pamoja na kiambishi -dlo kinachotaja kifaa cha kufanyia kazi. Kifaa cha kuoshea ni *mydlo, sabuni. Kifaa cha kushonea ni *šidlo, š ikitamkwa sh, sindano ya mshona viatu. Wapolandi wameitunza d hiyo: mydło, szydło, radło. Warusi na Waslavoni wa kusini wameiangusha: mylo, šilo, ralo. Mstari umenyooka, na neno ambalo halikutoka huko haliwezi kujipanga ndani yake namna hiyo.

Lakini o ya mwanzo ilikwendaje nyuma ya r? Kislavoni Mame kilifika wakati kikaanza kukataa silabi inayoishia kwa konsonanti. Kilitaka kila silabi iishie kwa irabu, tabia ambayo sisi tunaifahamu vizuri, maana nasi tukipewa book tunasema buku. Katika *ordlo silabi ya kwanza, or, ilikuwa imefungwa. Wao hawakuongeza irabu. Waligeuza mpangilio, or ikawa ra, silabi ikafunguka. Nje ya Kislavoni mpangilio wa zamani umebaki: Walithuania wana arklas, Walatini walikuwa na aratrum, Wagiriki arotron. Vivyo hivyo mlimaji, *ortajь, akawa rataj kwa Wapolandi, huku Walithuania wakisema artojas.

Tofauti ya zana hizo mbili naijua kwa mikono. Ralo huchana udongo. Lina ncha iliyo sawa pande zote mbili, linapita na kuacha mfuo, udongo unasukumwa kulia na kushoto lakini haupinduki. Plug ina kisu kinachotangulia kukata, ina ulimi ulioelekea upande mmoja, na nyuma yake ubapa unaougeuza udongo chini juu na kuyafukia magugu. Kwenye udongo wa kichanga, ule tunaouita luseni huku kwetu, zana ya kuchana inaweza kumtosha mtu. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, itakushinda mara mvua zikianza. Udongo mweusi wa Ukraine nao, ukiwa haujawahi kulimwa na mizizi ya nyasi imefungamana, unadai zana ya kupindua. Kwa hiyo Waslavoni walipopokea zana mpya walipokea na jina lake, na ralo likabaki na zana ya zamani. Ndiyo maana katika tafsiri ya kale ya Injili kwa Kislavoni, kwenye Luka 9:62, mtu aliyetia mkono kazini na kuangalia nyuma ameweka mkono wake juu ya ralo, ilhali katika Biblia ya Kirusi iliyokamilika mwaka 1876 mtu huyohuyo ameuweka juu ya plug. Tafsiri yetu haikutaja zana yoyote. Inasema ametia mkono wake kulima.

Na kitenzi? Waslavoni hawakukikopa. *Orjǫ, nalima, *orješi, unalima, *orjetь, analima. Muukraini wa leo anasema oru, oresh, ore. Warusi wa mjini wamekiacha na kuchukua pakhat, labda kwa sababu wana orat nyingine yenye maana ya kupiga kelele, lakini katika nyimbo zao za mashujaa Mikula mkulima bado ni oratai. Hapa ndipo makala ya Jumamosi ingeweza kusema "kama sisi" na ikawa kweli. Sisi tulikopa plau, jina la zana, tukaendelea kusema kulima, kitenzi ambacho Wasukuma, Wazulu na Wakikuyu wanacho, kila mmoja kwa matamshi yake, kutoka kwa Wabantu wa kale. Waslavoni walikopa *plugъ na kuendelea na *orati.

Naomba, Ndugu Mhariri, masahihisho yachapwe katika safu ileile. Naomba pia mwandishi anapotaja asili ya neno la kigeni, atuonyeshe wingi wake na namna linavyobadilika, na maneno mengine mawili matatu yaliyopita njia hiyohiyo, ili nasi wasomaji tuweze kumpima. Na kama anatafuta neno la kilimo la wiki zijazo, namwomba achukue jembe. Huku kwetu ni igembe, wingi magembe, na j ya Kiswahili imekaa pale ilipo g ya Kisukuma. Ningependa kusoma maelezo yake.

Bibi shamba mstaafu,
Magu, Mwanza